Hakimu Alikuwa Anasugua Sufuria

Ampu tuliipandisha Mabatini watu watatu,
kwa zile ngazi zisizo ngazi, mawe tu yaliyozoea nyayo.
Kilo ishirini na nane. Nkwabi mbele, mimi nyuma,
Lubango ubavuni akituhimiza taratibu, taratibu,
kama mtu aliyetubebesha trei za mayai.

Ilikuwa ya kwaya. Kwaya ikaikataa:
walisema ukipitisha nobu ya mkwaruzo saa sita
inaota pembe.
Lubango akaichukua kwa kuku wawili na ahadi,
transfoma akaisuka upya kwa mkono, kule Makoroboi,
mizunguko elfu moja na mia na kitu.
Hesabu ilimpotea mara moja, simu ilipoita.
Ndiyo maana, anasema, ina kikohozi kwenye nyuzi nene.

Mimi nilikuja na kisanduku, mfukoni mwa koti.
Ndani yake ampu arobaini
ambazo sijawahi kuzigusa, wala mji zilikozaliwa sijaufika.
Kinyonga. Unakiambia: kuwa ile ya Waingereza. Kinakuwa.
Kuwa ile ya Wamarekani, yenye ngurumo ya chuma kilichochanika.
Kinakuwa, bila jasho,
bila harufu.

Maana harufu ipo. Ampu ikipata moto
vumbi linaungua juu ya vioo vya vali,
linakutana na dagaa wa Mama Kasubi walioanikwa jabalini,
na hiyo ndiyo metali kwangu: vumbi, dagaa,
na uzi wa sita ulioshushwa hadi ukalegea
kama kamba ya kuanikia mablanketi.

Tukabishana tangu saa nane.
Nkwabi: masikio hayana macho, mwenye kusikia hajui bei.
Lubango: kivuli cha nyama hakikolezi mchuzi.
Mwisho tukamwomba Mama Kasubi awe hakimu,
yeye aliyekuwa anasugua sufuria, ametupa mgongo.
Rifu ileile, mara mbili.

Hakugeuka.
"La kwanza lina hasira.
La pili limeambiwa likasirike.
Na yote mawili yameniamshia mjukuu."

Lubango akacheka, akapiga paja.
Nkwabi hakucheka. Ndiye aliyekuwa akihamisha waya.

La kwanza lilikuwa kisanduku.

Lubango akaitazama ampu yake
kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Tuliendelea, basi tu, kwa kukosa la kusema.
Nikachomeka vyote viwili pamoja, nikaipiga noti moja, nzito, nikaiacha.
Hapo umeme ukakatika.
Mabatini yote giza; Bugando tu kule juu
ikapepesa, kisha ikashikwa na jenereta.

Kisanduku kilinyamaza palepale,
kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya jina.
Ampu haikusikia habari. Au ilisikia, ikagoma.
Noti ileile ikazidi kuzama, ikichakaa, ikikwaruza
kuliko chochote tulichokipata mchana kutwa,
moja, mbili,
tatu,
na nyuma ya wavu vali nne nyekundu
kama makaa ambayo mtu amesahau kuyamwagia maji.

"Ni kapasita," Lubango alisema, sauti ndogo.
"Zina akiba. Zinaila polepole."
Hakusema: mnaona?

Ni Mama Kasubi aliyeuliza, gizani, sufuria bado mkononi:
"Hiyo ya mwisho ilikuwa ipi?"

Jumamosi tunapiga Kirumba.
Nitakwenda kwa bodaboda, kisanduku mfukoni;
mgongo ninao mmoja, na mawe ya Mabatini ni mengi.
Lakini umeme umerudi, saa tisa usiku,
nami niko macho na vipokea sauti masikioni,
nazungusha orodha, ya kumi na saba, ya kumi na nane,
nachomoa waya, narudisha, nachomoa,
nikitafuta katika arobaini
hata moja
inayojua kuzimika.