Kugonga Pipa

Tabibu Nampunju aligonga mgongo wa mama,
kidole juu ya kidole,
akishuka mbavu kwa mbavu:
ngo, ngo, ngo,
kisha du.
Hapo akatia alama kwa kalamu.

Mama akacheka, kikohozi kikamkata.
"Ndivyo nilivyowafunza hawa," akasema,
"kugonga pipa, ujue maji yameishia wapi."

Huyu ni Somoe binti Chitopela,
aliyeshuka Shimo la Mungu na jogoo la kwanza,
akapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali,
miaka yote kabla bomba halijafika Newala,
na lilipofika, kabla halijatoa kitu.
Alituogesha watano kwa kopo moja;
yaliyodondoka, chini kulikuwa na mche wa mkorosho.

Leo ana maji asiyoyafuata.
Wiki tatu analala ameketi,
mto mapajani, akihesabu majogoo.
Kwenye picha pafu la kulia halionekani,
ukungu tu,
kama bonde asubuhi ya Julai.

Wakamwinamisha juu ya meza. Ganzi.
Kisha sindano ile ndefu.
"Bibi, usikohoe."
Ukikatazwa kukohoa ndipo koo linapokuwasha.
Nilimshika vidole; vilikuwa baridi,
kucha bado zina unga wa salfa.

Yakaja polepole ndani ya mpira,
rangi ya uraka,
yakaanza kusema chupani.
Robo. Nusu. Lita.
Kwenye lita na nusu tabibu akafunga.
"Mengine yabaki. Pafu lililolala sana
haliamshwi kwa kishindo."
Mama akaitikia kwa kichwa:
hata kisima cha mvua hukikombi hadi tope.

Akauliza yanapelekwa wapi.
Kidogo maabara, mengine yanamwagwa.
"Yanamwagwa? Yote hayo,
na ndoo ya maji siku hizi mnainunua shilingi ngapi?"
Tabibu hakuwa na jibu.
Mimi nilikuwa nimeduwaa:
tangu salfa ianze kupulizwa
hajawahi kumaliza swali refu namna ile
bila kusimama njiani kuitafuta pumzi.

Alhamisi majibu yalitoka: kifua kikuu.
Miezi sita ya vidonge,
mkojo mwekundu, safari za kliniki,
kugombana naye kila asubuhi kwamba hajapona.
Hayo yalikuja baadaye.

Usiku ule alilala chali.
Nilikaa kando ya kitanda, nikanyoosha kidole
nimgonge, nijue yameishia wapi.
Nikakirudisha.
Nikasikiliza tu.