Orodha ya Kurudi

Kashindye ameniletea karatasi ya vituo,
Tabora juu kabisa, Kigoma chini.
"Igeuze," anasema. "Treni ya kurudi ni kesho,
na ubao wa stesheni husoma tu ulichouandikia."

Vituo tisa. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri,
kwa hiyo Kigoma ni nane na Tabora ni sifuri.
(Sijamwambia Kashindye, mzaliwa wa Cheyo, kuwa mji wake ni sifuri.)

Kidole kimoja kichwani, kingine mkiani.
Tabora na Kigoma wabadilishane viti.
Lakini ukimimina asali kwenye kibuyu chenye maji
umeharibu vyote viwili.
Unahitaji kibuyu cha tatu, kitupu,
kikae pembeni bila jina la maana.
Changu nimekiita k.
Tabora anaingia k, Kigoma anakaa pa Tabora,
k anamwagwa pa Kigoma.
Halafu Usoke na Kazuramimba.
Uvinza na chumvi yake
anampisha Urambo na tumbaku yake.
Kaliua, Nguruka.

Jaribio la kwanza niliviacha vidole vitembee hadi mwisho.
Vikakutana, vikapishana, vikaendelea,
kilichogeuzwa kikageuzwa tena,
na kioo kikaniandikia: Tabora, Usoke, Urambo,
kama mtu aliyehama usiku kucha
akaamkia kwake.
Kumbe kugeuza ni kazi ya nusu njia.

Jaribio la pili niligeuza mistari pamoja na saa zake.
Treni ikaondoka Kigoma saa nne asubuhi
ikafika Tabora jana yake, saa tatu usiku.
Kashindye alicheka mpaka akavua kofia.
"Abiria wa hiyo wanalipa nauli, au wanarudishiwa?"
Nikafuta saa zote. Nikazihesabu upya, moja moja,
hizo hazina njia ya mkato.

Sasa iko sawa.
Ila katikati, namba nne,
kuna kituo ambacho vidole havikukigusa.
Usinge.
Jina kama kitenzi kilichokatwa kabla ya kusema:
usingehama,
usingechelewa,
usingeniambia unakuja.
Toka juu ni cha tano, toka chini ni cha tano.
Dada yangu Nyamizi anauza karanga pale,
treni iende, treni irudi.
Mwaka wa tatu huu napanga kushuka.

Nabonyeza. Ubao unawaka: Kigoma, Kazuramimba, Uvinza...
Kashindye anasoma kwa sauti hadi mwisho,
na pale katikati
anavuta pumzi.