Daftari la Nyumba ya Povu

Ukurasa wa kwanza niliuandika kwa penseli,
maana tulikuwa bado tunabishana.
Orest alitaka kuta za povu na zege,
mimi nilitaka za mbao, kama watu.
Tofauti: dola elfu ishirini na nane.
Niliipigia mistari miwili,
nikaiacha mezani kando ya kikombe chake.
Asubuhi nikakuta ameandika pembeni:
Januari.

Aishiye Saskachewani haulizi Januari ipi.

Mwezi wa sita matofali yakaja kwa lori,
meupe, mepesi, mtoto angebeba mawili.
Tuliyapandanisha, nondo katikati,
na jirani Halvorson akasimamisha trekta
aulize kama hii ni nyumba au jokofu la bia.
"Vyote viwili," Orest akamjibu.

Siku ya kumimina sikutaka kuiandika.
Rosaire kalikumbatia bomba, anafoka:
polepole, futi tatu, kisha zungukeni!
Kwenye kona ya jikoni ukuta ukavimba,
ukatoa tumbo, ukapasuka,
zege likatutapikia miguuni.
Tulilichota kwa koleo, kwa ndoo, kwa viganja.
Orest hakusema kitu.
Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili.
Kona ile haijanyooka mpaka leo;
kabati limeiegemea kama mlevi anayesikiliza hotuba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Sisi tulianza na ukuta,
ukuta usio na ufa,
tukadhani tumemaliza kulipa.

Haya, faida. Nisiwe mchoyo.
Bili ya gesi ya Januari ilipofika
nilidhani wamekosea jina.
Kizingiti cha dirisha ni kipana kama benchi:
paka hulala pale, na nje
ni nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Februari barafu iliangusha nguzo za umeme,
siku tatu, usiku tatu,
kipimajoto kikashuka kama mtu ashukaye ngazi gizani,
ishirini na moja, kumi na nane, kumi na tano,
kikaketi hapo.
Halvorson akaja na mkewe na mbwa wao.
Hakuuliza habari ya jokofu.

Mama mkwe wangu, Paraskevia,
amezaliwa katika nyumba ya magogo
iliyoguta kila baridi ilipokaza.
Alipohamia kwetu alilalamika:
"Nyumba isiyolia usiku, utajuaje iko hai?"
Kweli, upepo hatuusikii. Mvua tunaiona tu.

Na jioni ile alipoteleza uani, akaita,
tulikuwa macho, tunakunywa chai,
kati yetu naye unene wa ukuta.
Dakika ishirini, alikadiria daktari.
Mbwa wa Halvorson ndiye aliyesikia.

Amepona nusu. Nusu nyingine
imekaa kwenye kiti cha magurudumu,
na mlango wa uani ulipungua vidole vinne.
Ingekuwa mbao, Orest angeupanua
kabla chakula hakijapoa.
Alikuja mtu kutoka Regina
na msumeno wenye meno ya almasi,
siku mbili, tope jeupe kila mahali,
dola elfu tatu na mia sita.
Nimeziandika kwa wino.
Ukuta huu haubadili nia;
ukiukosea ungali mbichi, umewakosea na wajukuu.

Kipande walichokata kiko uani,
nyeupe, kijivu, nyeupe.
Jua likitoka Paraskevia hukisogelea,
hukigonga kwa pete yake ya ndoa,
hutega sikio.

Orest huniuliza: tungeanza upya, ungechagua lipi?
Namwambia alete penseli.

Aprili tulinunua kengele ya ng'ombe, dola nane,
tukatoboa tundu la kupitishia kamba,
ncha moja kwake nje, kengele jikoni.
Usiku, kwenye tundu hilo,
baridi huingia nyembamba kama uzi,
na pamoja nayo sauti kidogo.

Methali ninaijua.
Sijaliziba.