Hasi Kumi na Mbili

Jiwe la nyuma ya nyumba yetu, Mabatini,
ni kubwa kuliko nyumba.
Mchana tunaanika nguo juu yake,
usiku Lugembe analigeuza ubao.

Yeye yuko kidato cha tatu.
Mimi nina thelathini na moja, mtahiniwa wa kujitegemea,
mikono inanuka dagaa hata nikiisugua kwa limau.
"Usiruke hatua, dada Nkwimba,"
ananiambia mimi, ninayepiga hesabu ya magunia kumi kichwani
kabla mnunuzi hajatoa simu mfukoni.

*Kiwanja kina eneo la mita za mraba themanini na nne.
Urefu umezidi upana kwa mita tano.
Tafuta upana.*

Nikauliza: kiwanja cha nani?
Akasema swali halisemi.
Nikauliza: kina hati?
Akagongagonga chaki kwenye jiwe, nikanyamaza.

Upana tuuite eksi.
Urefu, eksi jumlisha tano.
Zidisha. Fungua mabano.
Themanini na nne zivushe upande wa pili, zigeuke hasi,
kama mjomba Masunga: alipanda kivuko cha Kamanga ana pesa,
akashuka ng'ambo anadaiwa.
Huku nyuma pamebaki sifuri.

Sasa namba mbili zinazozaa themanini na nne
na kupishana kwa tano.
Moja na themanini na nne, mbali.
Mbili na arobaini na mbili.
Tatu na ishirini na nane.
Tochi ya simu, asilimia tisa.
Nne na ishirini na moja.
Sita na kumi na nne! Nikataka kupiga kigelegele.
"Karibu haina maksi," akasema.
Chini kule mtu anafunga duka, bati linalia,
na mimi nimeshaziona, saba na kumi na mbili,
nimezijua kwa mkono,
kama unavyojua sado imepunjwa kabla hujaimwaga.

Eksi ni saba,
au eksi ni hasi kumi na mbili.

Lugembe akaipiga mstari ile ya pili.
"Upana hauwezi kuwa hasi. Tunaitupa."

Nikaitazama ilivyolala pale chini ya mstari.
Elfu kumi na mbili za Bi Kabula wa Mwaloni, tangu Pasaka.
Ina upana, mdogo wangu.
Kuna njia nzima ya Kirumba siwezi kupita kwa sababu yake.

Sikusema. Nikahakiki, maana ndiyo hatua ya mwisho:
saba, jumlisha tano, urefu kumi na mbili.
Imerudi ile ile, haina alama mbele,
imesimama kama ukuta wa mtu.

Simu ikazima.

Asubuhi nikajifunga kanga iliyolala juu ya jiwe.
Nikapita njia ya Kirumba.
Bi Kabula akanigeuza kwa bega:
"Na huu unga mgongoni?"
Nikamwambia ni chaki.
Nikamwambia, zako Ijumaa,
saba kwanza.