Mkono Mmoja Haujifungi

Mwezi wa nane, mikorosho ikichanua,
nilishuka kutoka Ng'apa na kidaftari cha deni
kukopa salfa dukani kwa Vallabhdas, Lindi mjini.
Kokila akanizuia mlangoni. "Athumani, lete mkono.
Sio huo. Wa kulia."

Nilidhani anataka kunipima kanzu.
Kumbe sahani imekwishapangwa juu ya mzani wa sukari:
taa ya samli, punje za mchele, wekundu kidogo uliolowa maji,
na uzi mmoja wenye kishada cha dhahabu ya uongo.
Leo ni Rakshabandhan, akasema,
na uzi ulikuwa wa Pradip, kaka yake,
aliyekwenda Lesta akaandika barua mbili,
ya pili anwani imefutika kwa mvua.
"Uzi haulali bila mkono.
Na wewe tangu utoto unanitukana kama kaka."

Ni kweli. Mimi nilimwita Kijiko.
Yeye aliniita Ganda la Korosho, mtu wa kubabua vidole.

Akafunga. Mafundo matatu.
Akanipaka wekundu pajini, mchele ukanata,
akanilisha halua ya maziwa yenye iliki,
na mama yake akaninong'oneza: "Kaka hutoa kitu."
Nikapanda Ng'apa, nikashuka tena na jogoo.

Jogoo! Nyumba isiyojua hata yai!
Mzee Vallabhdas alikohoa
mpaka miwani ikaangukia kwenye choroko.
Jogoo yule aliishi uani miaka sita,
akila dengu, akiwaamsha wao kwa sala zao na sisi kwa zetu,
akafa kwa uzee,
heshima ambayo kwetu Ng'apa
hakuna kuku aliyewahi kuipata.

Shehe aliuona uzi. "Hirizi?"
"Hapana, shehe. Dada."
Akaguna, akarudi kwenye kahawa yake.

Kisha Kokila akaolewa, akamzaa Hetal.
Kwao mjomba huitwa Mama.
Siku moja sokoni mtoto akanikimbilia,
"Mama! Mama!"
mimi na ndevu zangu na gunia begani.
Muuza dagaa akauliza, "Athumani, umejifungua lini?"
Soko zima likaangua kicheko.
Lakini sisi Wamwera tunajua uzito wa mjomba:
mtoto akiugua usiku, mlango unaogongwa ni wake.
Nikatua gunia, nikaitika "Abee,"
kama mama yeyote.

Sasa pale dukani wanauza vipuri vya bodaboda.
Kokila yuko Mwanza, magoti yanamsumbua.
Uzi huja kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki,
jina langu limeandikwa na Hetal
kwa mwandiko wake wa kidaktari.

Mwaka huu nilijaribu mwenyewe,
ncha moja menoni, ncha ya pili vidoleni.
Uzi ukateleza, ukaanguka kwenye vumbi la salfa.
Nikauokota, nikaupuliza.
Mara ya tatu nikatukana.

Nikatembea mpaka kwa Somoe.
Somoe, wa tumbo moja nami,
tuliyenuniana miaka mitatu
kwa mikorosho kumi na mmoja ya marehemu mama.
Alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa.
Sikuwa na neno, nikanyoosha mkono.

Aliutazama uzi kwa muda mrefu.
"Kumbe ndio huu," akasema.
"Miaka thelathini nautazama mkono wako
najiuliza, je mimi, ningekufunga kwa nini?"

Akapangusa pumba kwenye khanga,
akafunga fundo la kufungia mbuzi,
akalikaza mpaka nikaguta.
Habari ya mikorosho hatukuigusa,
wala sijui kama tutaigusa.
Aliokota ungo wake, akaupiga mara mbili,
makapi yakaruka upande wangu.

"Haya," akasema. "Jogoo wangu yuko wapi?"