Upana wa Kidole

Aliniletea gari Jumatatu, Mwalimu Twaha wa fizikia,
gari la umeme, rangi ya maziwa yaliyolala.
Liliingia gerejini kwangu Shimanzi kimya kimya,
hata paka wa Badi hakugeuza sikio.
"Nataka matairi mapana," akasema. "Haya
ni kama kandambili za mlango wa msikiti:
si ulizokuja nazo, ni ulizoachiwa."

Mtu mzima na gari lake, usimuulize kwa nini.
Nikamwambia tu: upana una bei.
Betri imelala sakafuni, nzito kama deni la harusi;
ukiongeza tairi, chaji itakwenda mbio,
utarudi kutoka Mtwapa ukihesabu asilimia.
Na la pili ni kugusa.
Ndani kuna shokomzoba, nje kuna fenda,
na tairi litaishi hapo katikati.

Akacheka. "Vikombe vya kabati moja, fundi."
"Hivyo ni vikombe. Mimi nafunga magurudumu."

Aliyeingia mvunguni ni Nyevu,
mwanagenzi wangu, mwezi wa nne huu, hodari wa kunyamaza.
Rula hakuitaka.
Alikwenda kwa Mama Rukia wa chapati
akaomba donge la unga, kadiri ya ngumi,
akalikata mapande mawili:
moja akalibandika kwenye shokomzoba,
jingine chini ya mdomo wa fenda.

Tukafunga rimu mpya, tukashusha jeki.
Nikazungusha sterini kushoto hadi ikagoma,
kulia hadi ikagoma.
Tukampakia Badi nyuma na betri kuukuu mbili za lori,
na Mwalimu mwenyewe, miwani mkononi,
tukalisukasuka gari
kama watoto wanaotikisa mkunazi wa jirani.

Kisha Nyevu akayatoa mapande, akayainua juani.
La ndani: unene wa kidole chake cha shahada.
La nje: ngozi ya kitunguu. Ungeweza kusomea gazeti.
"Hapa," akasema, "litakula."

Badi akashika nyundo. Badi, kila jambo kwake ni nyundo.
Nikamwambia weka.
Tukatoa spesa ya milimita tano, gurudumu likajongea ndani;
mdomo wa fenda tukaupasha moto taratibu, rangi isipasuke,
tukaukunja kama pindo la leso.
Bado.
Basi nikamwambia Mwalimu: mbili thelathini na tano haiingii.
Mbili ishirini na tano itaingia.
Alinyamaza muda wa kuchemsha chai.
"Kumi tu?"
"Kumi tu."
"Kumi si haba," akasema, lakini uso ulisema ni haba.

Gari la petroli husamehe;
mngurumo wake hufunika makosa ya fundi.
Hili halina pa kuyaficha.
Kwa hiyo sikumkabidhi ufunguo pale pale.
Tukangoja maji yakupwe,
daraja la feri lisimame wima kama ngazi,
tukaenda Likoni.

Nyevu nyuma, sikio kwenye ubavu wa gari,
kidole juu, tayari kusema simama.
Gurudumu la mbele likapanda chuma, sterini imekatwa nusu,
springi zikabonyea hadi mwisho.
Nikasikia mkokoteni ukilia, mtu akimwita Mbeyu,
kuku ndani ya tenga.
Nikasikia Mwalimu akimeza mate.
Tairi sikulisikia.

Nyevu akakunja kidole.

Pande la nje limekaukia juu ya rafu yangu,
baina ya spana ya kumi na saba na kopo la grisi.
Limeshika alama ya tairi, mifereji mitatu, wazi kama muhuri.
Wateja huuliza ni nini. Nasema ni kipimo.
La ndani lilikuwepo pia, nene, zuri.
Hilo sisimizi wamelila lote.