Abiria wa Mchanga

Abiria wa kwanza walikuwa magunia.
Mchanga wa Mambrui, kilo sabini na tano kila mmoja,
wameketi wawili wawili, kimya, bila tikiti.

Treni ikatoka Malindi, ikakaza mwendo,
ikafunga breki ghafla kabla ya daraja la Sabaki.
Mkaguzi aliikodolea macho bilauri yake mezani:
maji yakayumba, hayakumwagika. Akaandika.
Gunia moja tu, la dirishani, lilipasuka,
likajimwaga taratibu
kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Siku ya saba muhuri ukagongwa. Makofi.
Nami, Mbeyu, niliyeshona viti mia mbili na vinane,
nikaomba jambo moja: aje mama.

Mama akaketi. Akapapasa kitambaa, akasifu rangi.
Kisha akafungua leso ya kiunoni,
akaikunja mara nne, akaichomeka mgongoni.
“Haya, sasa twende.”

Mkaguzi alicheka.
Mimi nilitoa futi yangu mfukoni,
nikapima unene wa ile leso:
vidole viwili.

Mchanga hauna kiuno.

Usiku ule, behewani, kwa mwanga wa simu,
nikafumua mshono wa kiti cha kwanza.